Nyota na Taa ya Mkia

Mmelikuta hili kopo la majani ya chai, mkalifungua bila kuniomba, na sasa mnataka kujua utepe huu wa karatasi ulioviringishwa ni wa nini. Mmoja wenu amesema ni risiti. Si risiti. Ukiuinua kwenye mwanga utaona upande mmoja una vinukta vingi vilivyopangana kwa nafasi sawa, na upande wa pili kuna nukta moja tu, peke yake. Ile nukta moja niliipiga mimi kwa mkono huu, pale Voi, miaka ya hamsini, nikiwa kijana kama ninyi. Ilitakiwa ziwe mbili.

Nitawaeleza, lakini msitegemee kuelewa yote, maana mimi mwenyewe sikuelewa yote. Kazi yangu ya mshahara ilikuwa karani wa simu za zamani, za kupiga nukta kwa kitufe, katika stesheni ya reli. Kazi hii nyingine, ya kuvizia nyota, haikuwa na mshahara wala cheo, na niliifanya nimechanganyikiwa tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho. Hata hivyo niliipenda, na nikiulizwa nilifanya kazi gani maishani, hii ndiyo hunijia kwanza.

Aliyeniingiza ni Bwana Pinto, Mgoa, asili yake Goa kule India, fundi wa simu za stesheni upande wetu wote hadi Taveta. Alizaliwa Mombasa, na Kiswahili chake kilinishinda mimi niliyeshuka kutoka milima ya Mghange na Kidawida, lugha yetu Wataita, mdomoni. Alikuwa mtu mfupi mwenye jozi mbili za miwani, moja machoni na nyingine kwenye paji la uso, na bado mara kwa mara nilimkuta akitafuta miwani. Nyuma ya nyumba yake alikuwa na darubini mbili. Moja aliinunua kwa mpimaji wa ardhi aliyekuwa akirudi kwao, na nyingine aliiunda mwenyewe kwa bomba la bati.

Siku ya kwanza aliniita nitazame. Niliona nyota moja imetulia, haina habari na mtu.

"Sasa tunatazama nini, Bwana Pinto?"

"Kuna jiwe kubwa mno linazunguka jua, liko mbali kupita Mirihi. Litapita mbele ya hiyo nyota."

"Liko wapi?"

"Halionekani. Darubini hii ni ndogo kwake."

"Kama halionekani, tutajuaje limepita?"

"Nyota itazimika."

Nilingoja aendelee. Akainama kukaza mguu wa darubini.

"Halafu?"

"Halafu itawaka."

Nilirudi stesheni nikijiuliza kama mzee huyu ana homa. Tena jioni ile nyota haikuzimika kabisa, na Bwana Pinto hakuonyesha hata kukasirika. Alisema kivuli kimepita kwingine. Ilinichukua miezi kuelewa hapo. Ninyi mmeona kivuli cha wingu kikipanda mlima wa Sagalla huku ninyi mlio mjini mnaungua na jua. Basi ni hivyo hivyo. Lile jiwe likipita mbele ya nyota, kivuli chake kinapita juu ya dunia, na upana wa kivuli ni sawa na upana wa jiwe lenyewe. Ukiwa ndani ya njia yake, nyota inazimika kwa sekunde chache. Ukiwa nje, huoni kitu. Ukijua ilizimika kwa sekunde ngapi, unaweza kujua jiwe ni kubwa kiasi gani, jambo ambalo hakuna darubini iliyoweza kulisema vizuri wakati ule. Kwa hiyo unahitaji alama mbili: ilipozimika, na iliporudi. Hayo ya mwisho yashikeni.

Bwana Pinto alikuwa ameingoja bahati hiyo miaka kumi na moja. Wataalamu wa ng'ambo walimtumia barua za makadirio, naye akawajibu kila mara kwamba hakuona kitu. Miaka kumi na moja ya kuandika kwamba hukuona kitu. Mimi ningeacha mwaka wa pili.

Kazi yenyewe ina adabu zake, na hizi nawapa bure. Jicho lisilotazama usilifumbe, lifunike kwa kitambaa. Ukilifumba kwa nguvu, lile jingine linatetemeka na kutoa machozi. Nyota hafifu usiikazie macho moja kwa moja, elekeza jicho pembeni yake kidogo, utaiona vizuri zaidi. Sijui kwa nini, lakini ni kweli, jaribuni. Kioo usikifute kwa shati, hata kama shati limefuliwa leo, maana vumbi la Voi litakikwaruza. Tulikipuliza kwa pampu ya baiskeli. Miguu ya darubini tuliikandamiza kwa magunia ya katani yaliyojaa mchanga, kwa sababu ya upepo. Na chai msinywe kabla ya saa kufika. Sababu mnaijua.

Bwana Pinto mwenyewe alikosea vizuri tu. Aliwahi kuamua kwamba vumbi la Voi limemchosha, akataka hewa safi ya juu, basi tukapanda Werugha na darubini tukiwa ndani ya lori lililokuwa likifuata kabichi. Tulikaa siku tano. Ukungu ulikuwa mzito hivi kwamba nilijua choo kiko wapi kwa kugusa ukuta. Mama mwenye nyumba, aliyetupa maziwa na viazi kila jioni, alitutazama tukifunua na kufunika darubini, akavumilia mpaka siku ya nne.

"Hiyo nyota yenu," akasema, "huko Voi haiko?"

"Iko, mama," nikasema.

"Na mawingu huko Voi yako?"

"Hakuna."

 Bwana Pinto aliendelea kumenya kiazi chake kwa makini sana.

Kosa langu la kwanza lilikuwa la saa. Zamani zile saa za Kenya zilikuwa mbele ya zile za Greenwich, Uingereza, kwa saa mbili na dakika arobaini na tano. Ndiyo, na arobaini na tano. Msiniulize nani aliamua. Barua za ng'ambo zilikuja na saa za Greenwich, stesheni ilikwenda na saa za Kenya, na mama yangu Mghange alihesabu kuanzia jua linapochomoza. Jambo moja lilikuwa na saa za aina tatu. Mazoezi tulikuwa tunayafanya kwa kutumia mwezi, kwa kuwa mwezi hufunika nyota mara nyingi na haukosi miadi. Siku moja nilijumlisha zile dakika arobaini na tano mara mbili. Tulipokaa tayari, mwezi ulikuwa umeshaifunika nyota na kuitoa upande wa pili.

"Mghanga," Bwana Pinto akaniambia kwa jina langu, "umetukalisha kungoja treni ya jana."

Nilicheka, lakini usiku ule nilipiga hesabu ile mpaka karatasi ikajaa, na kila nilipoirudia nilipata jibu jingine. Baada ya hapo alinitundikia saa mbili ukutani na kuniambia nisijumlishe kitu chochote, nisome tu.

Sasa kuna mtu mwingine lazima mmjue, maana bila yeye nukta zingekuwa mbili. Huyu ni Okoth, mtu wa Kisumu, mkubwa wa zamu yetu stesheni, mrefu, mwenye sauti ya kanisani. Yeye ndiye aliyenifundisha kupokea treni. Treni ikitoka Maungu, stesheni ya jirani, kuja Voi, Maungu hawaruhusiwi kuachia nyingine nyuma yake mpaka sisi tuwaambie kwa simu kwamba ya kwanza imefika, tena imefika nzima. Hilo la nzima ndilo lenye kazi. Behewa la mwisho hubeba taa nyekundu, tukiiita taa ya mkia. Ukiiona, unajua hakuna behewa lililokatika likabaki njiani gizani. Okoth alikuwa ameona kwa macho yake, katika stesheni ambayo hakupenda kuitaja, karani aliyetoa kibali kwa kuona kichwa cha treni tu. Hakutusimulia kilichofuata. 

Kwa hiyo kila treni ilipoingia alisimama nyuma yangu na bendera yake iliyokunjwa. Injini inapita, moshi unanipiga usoni, mkono wangu unakwenda kwenye kitufe cha simu, na bendera inanishukia kwenye vidole.

"Umeona taa ya mkia?"

"Bado."

"Basi mkono unafanya nini huko?"

Alinifundisha pia kuhesabu mabehewa kimoyomoyo yanapopita, ili nijue idadi bila kuuliza. Baada ya miaka miwili hakuhitaji tena bendera. Mkono wangu haungegusa kitufe hata kwa dawa mpaka nione mkia. Alijivunia hilo. Nami nilijivunia.

Ikaja barua ya makadirio ambayo Bwana Pinto aliisoma amesimama. Jiwe kubwa, upana wake labda kama kutoka hapa Voi hadi Mombasa, lingepita mbele ya nyota nzuri, mapema jioni, saa moja na nusu hivi, na kivuli kingepita juu yetu. Alikuwa amebakiza miezi miwili astaafu na kupanda meli kwenda Goa. Aliniambia waziwazi kwamba hii ndiyo ya mwisho kwake, na nyingine kama hiyo huenda mimi mwenyewe nisiione nikizeeka hapa hapa. Tukagawana. Yeye akaenda Bura kwa mwalimu mmoja wa misheni, rafiki yake, kwa sababu hesabu zake zilisema katikati ya kivuli ingepita karibu na huko. Mimi nikabaki Voi, ili wingu likimkamata mmoja, mwingine aokoe.

Aliniachia mashine kuukuu ya simu, ya kuchapa nukta kwenye utepe, aliyoifufua kutoka ghalani. Saa iliunganishwa nayo, kwa hiyo kila sekunde ilijichapa yenyewe upande mmoja. Upande wa pili ulikuwa wangu, na kitufe kile kile ninachokijua. Nyota ikizimika, bonyeza. Ikirudi, bonyeza. Nilimrudishia maneno hayo mara tatu.

Jioni ile anga ilikuwa safi. Nilipiga pampu, nikafunika jicho, nikaipata nyota. Nilikuwa na hofu, naisema wazi. Nilingoja. Upepo ukatulia. Halafu nyota ikaondoka. Haikufifia, haikuyumba. Ilikuwapo, na haikuwapo.

Nilianza kuhesabu. Moja, mbili, tatu. Sikujiambia nihesabu, nilijikuta nahesabu. Kitu kirefu, cheusi kilikuwa kinapita mbele yangu gizani, nami nilifanya nilivyozoea kufanya kitu kirefu cheusi kinapopita gizani. Nilifika tisa. Mwanga ukatokea, na mkono wangu ukashuka kwenye kitufe, kwa uhakika, kwa unadhifu, vile Okoth angependa.

Nilikaa pale nikijisikia nimefanya kazi nzuri. Labda dakika nzima ilipita kabla sijautazama utepe.

Sijui niwaelezeje. Nilitafuta nukta ya kwanza kwenye utepe, nikaitafuta chini ya mashine, nikaitafuta ardhini, kama kitu kilichoanguka. Nilijiuliza kama niliibonyeza ikakataa kuchapa. Nikajiuliza kama nyota ilizimika kweli au nilipepesa jicho. Kwa nini nilihesabu? Nilikuwa nahesabu nini? Kadiri nilivyofikiri ndivyo nilivyozidi kutojua.

Kulikuwa na kalamu na kidau cha wino mezani. Nukta ni nukta, nani angejua? Bwana Pinto angepata alama zake mbili na miaka kumi na moja yake ingekamilika. Kalamu niliichovya. Ningependa kuwaambia kwamba dhamiri ilinizuia, lakini ukweli ni kwamba sikujua niiweke wapi. Nyuma sekunde tisa? Kumi? Kumi na tano? Kila mahali nilipoelekeza kalamu palikuwa sawa na pengine. Wino ukanikaukia mkononi nikiwa bado nachagua, na nilipoona nachagua ndipo nikaona aibu.

Bwana Pinto alifika asubuhi na gari la misheni. Uso wake ulinieleza yote: Bura wingu lilifunga saa moja na robo, likafunguka saa mbili. Hakuona kitu. Kwa hiyo kila kitu kilikuwa juu ya utepe wangu.

Aliusoma wote kwa vidole, mwanzo mpaka mwisho, kisha mwisho mpaka mwanzo.

"Ilizimika?"

"Ilizimika."

"Alama ya pili iko wapi?"

"Hiyo ndiyo ya pili, Bwana Pinto. Ya kwanza ndiyo haipo."

Akaketi kwenye gunia la mchanga.

"Ulikuwa unangoja nini?"

"Mkia," nikasema.

 Alikuwa mtu wa reli, alinielewa, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Hakunigombeza. Alivua miwani zote mbili.

"Ulihesabu?"

"Tisa."

"Sekunde tisa?"

"Mabehewa, Bwana Pinto."

Mngedhani mambo yameishia hapo, lakini huyo hakuwa mtu wa kuacha. Alinichukua stesheni na saa yake ya kupimia, akanisimamisha mahali pangu, na kila treni ya mizigo ilipopita alinipima: kutoka behewa la kwanza hadi la tisa, sekunde ngapi? Okoth alisimama pembeni akifuta macho kwa kicheko. Treni ya kwanza ilitoa kumi na moja. Ya pili kumi na nne. Ya tatu ilikuwa na mabehewa matupu ikatoa nane.

"Jioni ile," akaniuliza, naye hakuwa anatania, "treni yako ilikuwa imebeba au tupu?"

Nilifikiri kwa dhati kabisa.

"Imebeba," nikasema. "Lakini si sana."

Aliandika barua yake usiku huo, nami nikaisoma. Hakupamba kitu. Alisema Bura kulikuwa na wingu. Alisema Voi kuna alama moja, ya nyota kurudi, akachora nakala ya utepe. Alisema mtazamaji alihesabu tisa kwa mwendo usiopimika, na kwamba hesabu hiyo isitumike. Nilimwomba aseme angalau sekunde kumi na moja, iko katikati. Alitikisa kichwa. Utepe wenyewe akaniachia mimi, sijui kama kumbukumbu au kama adhabu, na sikuthubutu kumuuliza.

Siku aliyoondoka nilikuwa zamu. Treni yake ya Mombasa iliondoka, nikahesabu mabehewa, taa ya mkia ikanipita, na ndipo nikagusa kitufe. Niliwaza kwamba mtu huyu anakwenda kwao mikono mitupu kwa sababu yangu. Niliendelea kuwaza hivyo kila siku.

Miezi mingi baadaye ikaja barua ya ng'ambo. Juu ya bahasha waliandika jina lake, na chini yake: au mtazamaji wa Voi. Mtazamaji wa Voi ni mimi, lakini nilizunguka na bahasha ile siku nzima kabla sijaifungua. Walisema kuna mtu mmoja, nchi nyingine kabisa, aliyeona nyota ile ile ikizimika jioni ile, na ana alama zake zote mbili. Nukta yangu ingeweza kuungana na zake. Namna gani, walieleza kwa ukurasa mzima, nami sikupata hata mstari mmoja. Lakini swali la mwisho nililielewa. Je, mtazamaji ana hakika kabisa kwamba alama yake ni ya nyota kurudi, wala si ya kuzimika? Kama hana hakika, wataiondoa.

Hapo nilipotea. Wakati huo nilikuwa nimeirudia jioni ile kichwani mara nyingi mno. Ndoto moja nilibonyeza nyota ilipozimika. Nyingine nilibonyeza mara mbili. Nyingine sikubonyeza kabisa. Nikisema nina hakika na kumbe sina, nimedanganya kwa jina la Bwana Pinto. Nikisema sina, miaka kumi na moja yake inatupwa na mkono wangu mwenyewe. Nilikaa mezani na karatasi nyeupe tangu asubuhi, chai ikapoa na kushika ngozi.

Okoth aliingia kushika zamu. Akaitazama karatasi, akanitazama mimi.

"Wewe Mtaita, unaandika nini hakiishi?"

Nikamsomea swali. Akavua kofia, akalifikiria kidogo tu. Kisha akasimama nyuma ya kiti changu, pale pale alipokuwa akisimama zamani.

"Umeona taa ya mkia?"

"Nimeona."

"Kabla mkono haujagusa?"

"Kabla."

"Basi wape kibali."

Niliandika mstari mmoja tu, kwamba mtazamaji ni karani wa reli, na mkono wake haugusi kitufe mpaka mkia upite. Nikatia jina la Bwana Pinto juu, langu chini yake. Sasa rudisheni huo utepe koponi, na ile nukta msiiguse.